Siku za Mwisho na Kobe

Friji ya gari letu ndiyo iliyotutangazia kwamba likizo inaelekea ukingoni. Tulikuwa tunashuka kutoka Lushoto, siku ya nane ya safari, na kabla hatujafika Mombo ikanyamaza. Betri ya pili, ile inayotegemea sola ya paani, ilikuwa haijaona jua la maana kwa siku tatu za ukungu. Kilo mbili za nyama tulizonunua Soni tukazipika zote pembeni ya barabara, mchana kweupe, watu wa mabasi wakituchungulia madirishani kama wanaangalia harusi ya jirani wasiyoalikwa.

Nimweleze Kobe kwanza. Ni Haisi yetu ya zamani. Tuling'oa viti vya nyuma, fundi seremala wa mtaani akatupigia vitanda viwili vya mbao, kabati na meza ya kukunja. Maji tunabeba kwenye madumu matatu ya lita ishirini, gesi ni mtungi wa kilo sita. Bibi, yaani mama mkwe wangu, alichukua kitanda cha chini siku ya kwanza bila mjadala. Watoto wetu wawili walipewa cha juu. Mimi na Baba Watoto tukabaki na hema dogo la kufungia ubavuni mwa gari. Jina la Kobe walilitoa watoto, kwa kuwa anatembea na nyumba yake, na kwa kuwa alipokuwa anapanda kwenda Lushoto alipitwa na lori la saruji.

Tanga mjini tulifika jioni na kulala kwenye uwanja wa nyumba ya binamu yake Baba Watoto. Asubuhi watoto walitaka Mapango ya Amboni, kilomita kama nane kutoka mjini, barabara ya kwenda Horohoro. Bibi alikataa kata kata kuingia. "Mashimo yale yana wenyewe," alisema, akakaa nje chini ya mti na chupa yake ya chai. Huko ndani kuna giza, popo, na sehemu ambako watu huacha ubani na chupa za marashi kwa ajili ya mizimu. Mwongozaji alitusimulia habari ya njia ya chini kwa chini inayotokea Mombasa. Mwanangu wa miaka minane akamuuliza kama Kobe angepita. Tulipotoka, Bibi alituhesabu mmoja mmoja.

Jioni ile Ngamiani tulikula kababu na mihogo ya kukaanga. Baba Watoto alipomwambia muuza kahawa kwamba kesho tunaondoka, yule mzee hakuinua hata macho kutoka kwenye birika lake: "Tanga hii. Waja leo, waondoka leo." Hakuna mgeni anayeondoka Tanga bila kupigwa na msemo huo, lakini nakiri uliniuma kidogo. Ilikuwa kweli.

Tukashika barabara ya Pangani. Tongoni tulisimama kama saa nzima. Ni magofu ya msikiti na makaburi zaidi ya arobaini ya karne ya kumi na nne na kumi na tano, mengine yenye minara ya mawe. Kwenye minara kuna vishimo vya duara ambamo zamani zilipachikwa bakuli za Kichina. Bakuli zenyewe zilishaondoka. Mwanangu akaingiza ngumi kwenye kimoja kupima kama inaenea.

"Toa mkono huo! Kaburi la watu hilo."

Akautoa kama aliyeungua. Kisha Bibi akasimama mwenyewe mbele ya kaburi lile, akainua viganja, akasoma Fatiha, akafuta uso, akarudi garini. Hatukuwahi kumwona akifanya hivyo mahali pa watalii.

Baada ya hapo ni mkonge, mkonge, mkonge, mistari inayokimbia mpaka macho yanachoka. Zao hili lina hadithi ninayoipenda kuisimulia: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa karibu na Pangani. Mashamba yote yale ni wajukuu wa miche 62. Nilipomaliza, Bibi akasema baba mkwe wake naye alikuja kwa mkonge, manamba kutoka Songea, alikuja kwa mkataba mmoja na hakurudi tena. Baba Watoto alipunguza mwendo. Alikuwa anajua babu yake alitoka Songea. Kwamba alikuwa manamba, alikuwa hajaambiwa. Miaka arobaini na moja anayo, anaisikia kwenye usukani.

Sasa nije kwenye aibu yetu.

Kaskazini kidogo ya mji wa Pangani tulipata ruhusa ya mwenye shamba la minazi kulala kwake siku mbili. Tulifika kama saa tano asubuhi, bahari imekupwa, ufuko mpana kama uwanja wa ndege na mchanga wake mgumu. Baba Watoto akateremsha Kobe mpaka chini kabisa, eti watoto watoke kitandani waguse maji. Mwenye shamba akamwambia ampandishe kwenye minazi. Bibi akamwambia, "Leo mwezi kumi na nne, baba. Maji ni bamvua." Yaani yale yanayojaa kupita kiasi mwezi ukiwa mpevu. Akajibu kwamba atampandisha baada ya chakula.

Baada ya chakula akalala.

Saa saba hivi binti yangu akaja taratibu, bila kelele, akasema, "Mama, bahari imekuja." Povu lilikuwa hatua kumi kutoka tairi la mbele. Baba Watoto akawasha, akatia rivasi, akakanyaga mafuta. Kosa. Tairi za nyuma zikachimba, Kobe akakaa kitako mchangani kama ng'ombe aliyekataa kwenda mnadani. Kila alipoongeza moto, tulizama zaidi. Mchanga uliokuwa mgumu asubuhi ulishaanza kulainika kwa maji yanayopanda chini kwa chini.

Wavuvi wanne waliokuwa wanashona nyavu chini ya mnazi walituangalia kwa muda, nadhani wakisubiri tumalize ujuaji wetu. Kisha wakaja. Mkubwa wao hakugusa gari. Alikwenda tairi moja baada ya jingine, akafungua kofia ya valvu, akabonyeza kwa kijiti, upepo ukatoka fyuuu mpaka tairi likatanda chini kama chapati. Wengine wakachimba mbele na nyuma kwa mikono na sufuria yangu ya wali. Wakaleta makuti mabichi, wakayachomeka chini ya matairi, upande wa mashina mnene ukitazama gari. Tukashusha madumu, magodoro, mtungi, kila kitu. Bibi akaketi juu ya magodoro na mkoba wake mapajani kama aliyehamishwa nyumba. Maji yalikuwa yameshalamba tairi la mbele mara mbili.

"Usikanyage mafuta kwa hasira," yule mvuvi alimwambia mume wangu. "Mbembeleze."

Akambembeleza. Sisi tukasukuma. Makuti yalilia, Kobe akatikisika, akapanda, akapanda tena, na hakusimama mpaka alipofika kwenye minazi aliyoambiwa tangu asubuhi. Ilipofika saa kumi, mahali tulipokuwa tumelia chakula palikuwa na maji ya kunifika kifuani.

Matairi manne bila upepo, na pampu hatuna. Kijana wa bodaboda akatuletea fundi pancha na pampu ya miguu. Baba Watoto aliona haya kumwachia kazi yote, akapampu mawili mwenyewe. Wavuvi walikataa hela, wakakubali wali na ile nyama iliyobaki.

Usiku ule maji yalikuwa yanajaa tena kwenye saa kumi alfajiri. Nilishaona kwa macho yangu kwamba juu kule hayafiki, lakini mwenzangu alishaumwa na nyoka. Kila nilipojigeuza nilimkuta amekaa, zipu ya hema imefunguliwa, tochi mkononi. "Maji yamefika wapi?" anajiuliza mwenyewe. Mara nne. Mara ya tano Bibi alimjibu kutoka garini, "Yamefika Zanzibar. Lala."

Siku iliyofuata ilikuwa yake Bibi. Amezaliwa Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, na alikuwa hajavuka kwa miaka mingi. Tulimwacha Kobe, tukapanda kivuko kwa miguu pamoja na baiskeli, mbuzi wawili na lori la kokoto. Watu walikuwa na mazungumzo mamoja tu, daraja lililokuwa linajengwa, la mita 525, na nani atauza nini foleni ya kivuko ikiisha. Ng'ambo, mzee aliyekaa barazani alimtazama Bibi kwa muda.

"Wewe mtu wa nani?"

Bibi akataja jina la baba yake, kisha la babu yake. Yule mzee akakaa kimya, akasogea, akapangusa baraza kwa kiganja. "Kaa basi. Mbona unasimama kama mgeni?" Walikaa mpaka adhuhuri. Mengi waliyozungumza hayakutuhusu, sisi tukaenda kununua madafu.

Alfajiri ya kuondoka gesi ikaisha chai ikiwa haijachemka. Tulikunywa hivyo hivyo, vuguvugu, na mkate wa ufuta wa jana. La kushangaza ni kwamba siku hiyo kila mtu alijua kazi yake: binti anafunga hema, mdogo wake anakaza madumu, mimi kabati, na ndani ya dakika ishirini tulikuwa tayari. Siku ya kwanza kazi hiyo hiyo ilichukua saa mbili na ugomvi. Tulikuwa ndiyo kwanza tumejua kuishi humo.

Tulikata na barabara ya vumbi mpaka Muheza, tukanunua kiroba cha machungwa kilichopasukia kwenye kona ya kwanza, na toka hapo mpaka Msata yalikuwa yanabingirika chini ya vitanda. Baada ya Segera trafiki akatusimamisha. Akachungulia ndani, akaona kamba ya nguo, chandarua, sufuria na Bibi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Hapa mnaishi au mnasafiri?"

"Yote mawili, afande," mume wangu akasema.

Akafikiri. "Haya. Lakini anueni nguo."

Tukavuka Wami, na Msata tukaacha barabara ya Chalinze, tukashika ya Bagamoyo, kilomita 64 za lami tulivu. Bagamoyo kila mwandishi husimama kueleza maana ya jina la mji. Mimi nilisimama kutafuta choo. Foleni ilitupokea Bunju, mlangoni mwa Dar es Salaam, na nyumbani tukafika saa mbili usiku.

Hatukushusha kitu. Kila mtu alikwenda kitandani kwake na mchanga wake. Kwenye saa tisa usiku nikashtuka, kitanda kimetikisika, Baba Watoto amekaa wima anapapasa ukuta kutafuta zipu.

"Maji yamefika wapi?"

"Hata bombani hayajafika," nikamwambia. "Yamekatika tangu juzi. Lala."