Hawa akina Zhang jamani

Nimetoka makumbusho sa hivi hapa Beijing, miguu inauma ila kichwani nna akina Zhang tu 😅

Kuna Zhang Qian, mjumbe wa mfalme wa China, katumwa magharibi mwaka 138 KK akatekwa na Xiongnu (wafugaji wa kuhamahama wa kaskazini) kama miaka 10, katoroka, na akaendelea na safari! Mi ningerudi kwetu.

Ila alonimaliza ni Zhang Heng, mwanasayansi wa kale. Mwaka 132 BK katengeneza mtungi wa shaba wa kutambua tetemeko (ule wenyewe ulishapotea, nimeona mfano), majoka nane kila moja na gololi mdomoni, chini vyura wameachama wanasubiri. Siku moja gololi ikadondoka, pale Luoyang, mji mkuu wa enzi hizo, hakuna alohisi kitu, wasomi wanashangaa tu, siku chache mbele mjumbe huyo toka Longxi, mbali magharibi, huko ardhi ilitikisika kweli!

Wale vyura nimewatazama mpaka mlinzi kanisogelea 😂

Nyie Zhang wenu nani?