Angalia Miguu

Hii ni ya London, msimu wa baridi, nimetoka shifti ya usiku kwenye nyumba ya wazee, macho yanawasha kwa usingizi lakini nlikuwa nishabuku nafasi British Museum, kile chumba cha kutazama michoro, na mimi kitu nikishabuku siachi. Kalamu ya wino hairuhusiwi, penseli tu. Wakaniletea boksi la William Blake, yule mchoraji na mshairi wa Kiingereza, michoro yake ya kitabu cha Ayubu, ile 21 iliyotoka 1826, mwaka mmoja kabla hajafa.

Nlidhani ni mikubwa kumbe saizi ya daftari la shule. Lakini mistari sasa! Yaani mzee anakaribia 70 ameinamia bamba la shaba, anachonga na kichuma chenye ncha, mistari myembamba kama unywele, na maandishi yote ya pembeni anayachonga kinyumenyume ili yakichapwa yasomeke.

Nikafika ule wa 11. Ayubu kalala, juu yake anaelea mzee wa ndevu, nyoka kamzonga mwili mzima, mkono mmoja unaonyesha mbao za sheria, mwingine unaonyesha motoni, na huko chini mashetani wanamvuta Ayubu. Nikasema basi huyu Mungu kakasirika, si Ayubu mwenyewe alilalamika anatishwa kwa ndoto?

Kilichonishusha macho nadhani ni nyanya, Mungu amrehemu. Sisi tumekulia Mombasa, na kule ukisimulia umekutana na mwanamke mzuri peke yake usiku na buibui lake, swali ni moja tu: ulimwangalia miguu, asije akawa jini? Nikavuta lenzi. Ukwato. Umepasuka katikati kama wa mbuzi, na huyu ndo niliyemuita Mungu dakika mbili nyuma! "Haki ya Mungu," ikanitoka kwa sauti, jamaa wa meza ya pili akageuka. Na Blake hakuficha, juu pale kaandika ule mstari wa Shetani kujigeuza malaika wa nuru, mimi ndo nliuruka.

Nikapiga picha nikamtumia mama WhatsApp, sikumwambia kitu, nikaandika tu Mama ona Ayubu. Niko kwenye basi narudi, voisi ikaingia: "We mwanangu, mbona huyo mzee ana kwato? Ifute hiyo picha, usilale nayo kwenye simu."