Mtoto aandikishwe kujifunza, asialikwe kutumbuiza tu

Ikifika katikati ya Novemba simu yangu haitulii. Tarehe 3 Desemba ni Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, na kila mwenye hafla anataka "watoto wa mwalimu", yaani wanafunzi wangu wa ngoma, waje wacheze dakika tano. Wanaongea kwa heshima, wanaahidi usafiri na soda, wengine wanaongeza fulana. Nikiwauliza kama wako tayari kumlipa mkalimani wa lugha ya alama kwa muhula mmoja, au kutuletea mbao za kuongeza jukwaa, maongezi huisha hapohapo.

Mimi nafundisha ngoma hapa Bagamoyo. Kwetu ni Newala. Sindimba, ngoma ya kiuno ya Wamakonde, niliijulia uani kwa bibi, kisha nikaja kusoma kwenye chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho siku hizi tunakiita TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Nilipomaliza nikaolewa hapahapa, nikabaki. Kila Jumamosi jioni nina darasa Magomeni ya hapahapa Bagamoyo, chini ya mwembe ulioko kwenye kiwanja cha mzee mmoja mstaafu. Wapo watoto viziwi, wasioona, wanaotumia viti mwendo, wenye ualbino na wenye usonji. Wapo pia watoto wa majirani wasio na ulemavu wowote, na hao ndio wengi. Nimetaka iwe hivyo tangu mwanzo. Darasa la watoto wenye ulemavu peke yao lingekuwa uzio mwingine tu, hata kama uzio huo una ngoma ndani yake.

Nimeona mara nyingi mtoto wa kwenye kiti mwendo akinyanyua mkono mmoja jukwaani, ukumbi mzima ukasimama. Watu wanafuta machozi, wanamtuza noti, wanapiga picha naye. Hakuna anayemwambia kwamba mkono ule umechelewa. Mwenzake anayecheza pembeni yake akichelewa hivyohivyo, mwalimu atamkemea kabla ngoma haijanyamaza. Kwangu mimi huyo anayekemewa ndiye anayeheshimiwa, kwa sababu kuna mtu anaamini kwamba kesho ataweza zaidi ya leo. Nataka kila mtoto wangu aambiwe "rudia".

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Kifungu cha 30 cha mkataba ule hakizungumzii burudani pekee. Kinataka mtu mwenye ulemavu apate nafasi ya kukuza kipaji chake cha sanaa na kukitumia, kwa faida yake mwenyewe na kwa kuineemesha jamii nzima. Kipaji kinakuzwa kwa mazoezi, wiki baada ya wiki, mtoto akiwa na jasho na mwalimu akiwa na sauti iliyokauka. Dakika tano za Desemba hazikuzi kitu.

Sasa niwaeleze tunavyofundisha, maana ndilo swali ninaloulizwa zaidi: kiziwi anachezaje ngoma?

Anacheza kwa nyayo. Ngoma kubwa, vumi, ina sauti nene inayosafiri ndani ya kitu kigumu na kuingia mwilini; unaisikia kifuani hata ukiziba masikio. Tatizo ni mahali unaposimama. Mchanga wa uani kwetu unameza mtikisiko wote, na sakafu ya saruji ni ngumu mno, haitikisiki. Mbao iliyoachiwa uwazi chini yake ndiyo inayosema. Evelyn Glennie wa Uskoti, mpiga midundo anayejulikana duniani kote ambaye alipoteza usikivu wake utotoni, hupiga akiwa pekupeku kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo seremala wa mtaa wa pili alitutengenezea jukwaa la mbao za paleti, limeinuliwa kiasi cha shubiri moja kutoka chini. Vumi linawekwa juu ya jukwaa lenyewe. Siku ya kwanza mabinti wawili viziwi walipopanda pale pekupeku, mmoja alitazama miguu yake, akamtazama mwenzake, kisha akaanza kukanyaga, na alikuwa kwenye mdundo.

Kulikuwa na jambo la kusuluhisha na babu anayetupigia. Katika upigaji wake, amri ya kubadili mtindo hutoka kwenye chapuo, ile ngoma ndogo, na chapuo ina sauti nyembamba ambayo haifiki miguuni. Nikamwomba amri ihamie kwenye vumi. Alikataa. Akaniambia, "Mwanangu, vumi kazi yake kushika, haliamrishi." Sikubishana naye, mzee ana haki na kazi yake. Baada ya wiki kadhaa akaja na njia yake mwenyewe: vumi linanyamaza mapigo mawili kabla ya kila badiliko. Ukimya ule viziwi wanausikia kuliko mtu yeyote, kwa kuwa mbao inakufa chini ya miguu yao. Mimi na diploma yangu nisingeliwaza hilo.

Filimbi nayo tuliiweka kando. Ngoma nyingi huongozwa kwa filimbi, lakini wazee wetu walikuwa pia na usinga wa manyoya ya mkia, na usinga unaonekana. Kiongozi akiupeperusha kulia, mstari unageuka kulia. Akiushusha, watu wanachuchumaa. Hatukuhitaji kutafuta kifaa kutoka nje.

Kwa wasioona kinyume chake kinahitajika, hatua lazima isikike. Pemba wana ngoma ya Msewe, ambayo wachezaji hufunga misewe, vitu vya kulia kama njuga, miguuni, na kila kishindo cha mguu kinatoa habari zake. Tukaiga hapo. Ninapofundisha hatua mpya ninafunga njuga mguu wa kulia tu, ili mwanafunzi ajue ni mguu upi umetua na lini. Kisha anaweka mkono kwenye bega langu, halafu kiunoni, na hapo ndipo Sindimba inapoeleweka, kwa kuwa kiuno hakielezwi kwa maneno. Kabla ya kumgusa mtoto yeyote tunamwomba ruhusa yeye na mzazi wake, na mama yeyote akitaka kukaa karibu anakaa.

Kwa watoto wa viti mwendo ninaanza na lelemama. Ni ngoma ya akina mama wa pwani, na uzuri wake mwingi uko kwenye mikono, mabega na shingo, kwa utulivu mkubwa. Mtoto aliyekaa hapunguzi chochote hapo. Wapo wanaoniambia niwatafutie "mitindo yao". Sioni haja. Utajiri uliopo unatosha, kazi ya mwalimu ni kujua ngoma ipi inakaa sehemu gani ya mwili. Bugobogobo ya Wasukuma, yenye kurusha majembe, tunaifanya na majembe madogo ya mbao, na kijana mmoja wa kiti mwendo analidaka jembe lake vizuri kunishinda.

Yupo mvulana mwenye usonji ambaye kelele za ngoma zilikuwa zinamtesa. Alikaa mbali, karibu na ukuta wa jirani, amejiziba masikio. Hatukumvuta. Dada yake alikuwa anakaa naye, wakisogea karibu kidogokidogo. Sasa anakaa kando ya moto tunaopashia ngoma, na kazi ya kuzipasha ni yake. Anajua ngozi imekaza kiasi gani kwa kuigonga kidole mara moja, na babu hapigi ngoma ambayo mtoto huyo hajaikubali. Kama hajawahi kucheza, basi. Upigaji na upashaji ni sehemu ya sanaa hii sawasawa na kiuno.

Muda wa darasa ulipangwa na watu wengi. Watoto wenye ualbino hawawezi kucheza kwenye jua la saa sita, ngozi na macho yao yanaumia. Watoto wengi wa mtaa wanakwenda madrasa, na ustadhi hakufurahi kusikia kwamba ngoma itagombania watoto hao na madrasa. Tulikaa naye barazani, mimi, mzee mwenye kiwanja na mjumbe wa shina. Tukakubaliana tuanze baada ya Alasiri na tunyamaze kabla ya Magharibi. Jua limeshapoa, madrasa imekwisha, na msikiti hausumbuliwi. Mjukuu wa ustadhi yuko mstari wa pili.

Watu huniuliza pia fedha zinatoka wapi. Mtu ambaye amewahi kuishi Tanzania anajua jinsi tunavyofanya harusi. Kamati inaundwa, mwenyekiti, mweka hazina, kundi la WhatsApp, kadi za mchango, na ndani ya miezi michache mamilioni yamepatikana kutoka kwa watu wenye mishahara ya kawaida kabisa. Ujuzi huo tunao sote. Mama mmoja muuza mihogo, ambaye binti yake ni kiziwi, ndiye aliyesema: tufanye kamati kama ya harusi, ila hii harusi haina mwisho. Tukanunua daftari. Halina safu ya fedha tu. Kuna Jumamosi za dereva wa bajaji fulani, anayewaleta wawili wenye viti mwendo kutoka upande wa Nianjema na kuwarudisha bila kudai nauli. Kuna ndoo za maji ya kunywa. Kuna mihogo. Kuna mwalimu mstaafu wa shule ya viziwi anayetukalimania pale anapoweza. Asiyeweza shilingi elfu mbili anaweza kushika usukani, au kukaa na mtoto wa mwenzake kwa saa moja.

Daftari hilo limefanya kitu kingine ambacho sikukitarajia. Kulikuwa na binti ambaye majirani wa nyumba ya tatu hawakujua kama yupo. Mama yake hakuwa mkatili, alikuwa na aibu na hofu, na baba alishaondoka. Aliyekwenda kugonga mlango wake hakuwa mimi wala ofisa yeyote. Alikuwa yule yule dereva wa bajaji, kwa kisingizio kwamba ana nafasi moja tupu kila Jumamosi na haipendezi kwenda tupu. Mama alikuja naye kwa wiki nyingi, akikaa amejifunika kanga hadi usoni. Siku hizi yeye ndiye mweka hazina.

Ipo pia mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo asilimia 4 huenda kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Nawahimiza wazazi waiombe kwa biashara zao. Lakini ni mkopo, unarudishwa, na darasa la watoto halizai faida ya kurudisha. Wafadhili wa nje nawashukuru wakija, ila siwezi kuliegemeza darasa kwao. Hapo ng'ambo tu, Unguja, chuo cha muziki cha DCMA kilichoanza mwaka 2002 na kutoa wanamuziki wengi wazuri kilikaribia kufunga milango mwaka 2019 kwa sababu ya fedha za wafadhili kukauka. Chuo chenye jina kubwa namna ile! Sisi wa chini ya mwembe tungedumu wiki ngapi?

Hatuko peke yetu wala si wa kwanza. Uingereza, mwaka 1991, Celeste Dandeker, mchezaji aliyepata ulemavu baada ya kuanguka jukwaani, alianzisha na Adam Benjamin kampuni ya Candoco, ambako wenye ulemavu na wasio nao wanacheza kama wasanii wa kulipwa. Nairobi kukaundwa Pamoja Dance Group kwa mtazamo huohuo. Nikiwaonyesha vijana wangu video zao, wanachokitazama ni ufundi. Wanabishana nani amekosea wapi. Nafurahi kusikia ubishi huo, na nafurahi zaidi kuona nusu yake unafanyika kwa mikono, maana watoto wanaosikia wamejifunza lugha ya alama na sasa wanasengenyana nayo mbele yangu wakidhani sielewi.

Ninachokitaka sasa ni walimu. Mmoja wa wale mabinti viziwi ameshika usinga tangu mwaka huu. Anaongoza mstari wa watoto ambao wengi wao wanasikia, na ni mkali kuliko mimi. Amemrudisha mjukuu wa ustadhi mwanzo wa hatua mpaka akalia, kisha akamfundisha upya kwa subira, mguu kwa mguu. Huyo asiishie kwangu. Aende chuo, asomee, na chuo kimpokee kikiwa na mkalimani darasani na jukwaa la mbao, si la saruji. Na kila kijana anayesomea kufundisha sanaa apitie angalau muhula mmoja katika darasa la aina hii kabla hajapewa cheti.

Kwa walioko Bagamoyo na jirani zake: daftari liko kwa mama wa mihogo, karibu na kituo cha bajaji Magomeni. Tunatafuta mbao za kupanua jukwaa kwa upande wa kushoto ili viti mwendo vinne vigeuke bila kugongana. Mvua zilizopita zimelichana vumi letu, kwa hiyo mwenye ngozi mbichi ya ng'ombe aje azungumze na babu. Na Jumamosi za pili na nne za mwezi bado hazina mkalimani.