Subiri cha pili

Wiki nzima kinachonirudia kichwani ni maneno ya mzee mmoja niliyekutana naye Bamberg, mji wa Ujerumani wenye bia yenye ladha ya moshi.

Tulikaa meza moja pale Schlenkerla, baa ya bia hiyo, mtaa wa Dorotheenstraße. Meza ni za kuchangia: unauliza kama pana nafasi, unakaa. Bia inatoka kwenye pipa la mbao, inashuka kwa uzito wake yenyewe hadi kwenye glasi ya nusu lita, nyeusi, povu limejaa juu. Nikainusa.

“Samaki wa moshi,” nikasema.

Hakucheka. “Subiri cha pili.”

Nikiosha vyombo namsikia. Subiri cha pili. Na alikuwa sahihi kabisa. Shayiri ikishachipua lazima ikaushwe, na pale huikausha juu ya moto wa kuni za mti uitwao Buche kwa Kijerumani, moshi ukipenya kati ya punje. Zamani ladha hiyo ilikuwa ya kawaida sehemu nyingi za Ulaya. Zilipoenea tanuri zinazotenga moshi na nafaka, ikatoweka karibu kote, Bamberg wakaishikilia. Pua nayo huzoea moshi haraka, kwa hiyo ni glasi ya pili ndipo utamu wa shayiri unapojitokeza. Anayeonja mafunda mawili akainuka, amekutana na moshi tu, bia yenyewe hajaijua. Inaniuma kuwaona wakiacha glasi zimejaa.

Ila kula kwanza. Agiza kitunguu cha Bamberg kilichojazwa nyama ya kusaga. Asiyekula nguruwe aulize kabla, maana huwamo. Kilevi ni asilimia 5.1, na glasi mbili ni lita nzima. Nendeni kwa treni, kutoka Nürnberg ni chini ya saa moja, gari libaki nyumbani.

Glasi ya pili ilipofika nikamuuliza, “Na wewe, mzee, ulisubiri?”

“Mimi sikutaka hata kuimaliza ya kwanza. Mke wangu ndiye aliyenisubirisha.”

Akalipa, akavaa kofia, akanipa mkono. Sikumuuliza jina la mkewe, na sasa nalitaka kuliko kitu chochote nilichokiona siku ile, hata kaburi la Papa Clement II kule kanisa kuu.