Kula Kariakoo bila Kutoboa Mfuko
Nikiwa Kariakoo saa saba mchana, sitazami kwanza bango la mgahawa bali foleni ya wabeba mizigo na wauzaji wa maduka, kwa kuwa mtu anayekula mahali pamoja kila siku kwa fedha yake mwenyewe hadanganyiki kirahisi. Kwa mama lishe niliyemzoea, sahani ya wali huja na maharage, mchicha na kachumbari, na ukiomba mchuzi wa nyongeza hutozwi kitu. Mgahawa mmoja wenye viyoyozi, ambao sitautaja, uliwahi kuniletea kipande cha samaki kisichozidi kiganja, kisha bili ikaja na maji ambayo sikuyaagiza. Tangu siku hiyo mimi huuliza bei kabla ya kuketi, tena huwahi, maana ikipita saa nane hubaki ukoko.