Shina lililolegea baada ya mvua

Mama jirani aliniletea chungu chake mvua zilipokatika, amekikumbatia kifuani. Ndani mlikuwa na waridi la jangwa, ule mmea wa maua wenye shina linalovimba chini, likiwa halina hata jani moja, shina limelala upande.

"Mwanangu, hili linakufa kwa kiu au kwa maji?"

Swali lilikuwa la maana, maana kwa mmea huu dalili ya kwanza ni moja kwa yote mawili: shina kulegea. Kinachotofautisha ni namna linavyolegea. Lenye kiu hunywea sawasawa pande zote, gome likafanya mikunjo myembamba, na ukilibonyeza bado linakataa. Limwagilie, baada ya siku chache linajaa tena. Lililooza hulegea upande mmoja, mara nyingi pale linapoingia udongoni. Nilibonyeza hapo, kidole gumba kikazama. Nikakwangua gome kwa ukucha: kahawia, majimaji, harufu ya uchachu. Palipo hai pana kijani chini ya gome, na ndani ni peupe.

Nilipoung'oa, udongo ulitoka na umbo la chungu, umeshikana, bado umelowa. Ulikuwa udongo mweusi wenye samadi nyingi, ule wanaojazia miche ya kila aina pale bustanini aliponunua. Chungu kilikuwa na tundu moja, chini yake kisahani kimejaa maji. Waridi la jangwa asili yake ni nchi kavu zenye mchanga na mawe, kuanzia Senegali hadi Ethiopia, Somalia, Kenya na Tanzania, na ng'ambo Uarabuni. Huko mvua hupita na kwenda zake. Mmea hujaza shina, kisha hupukutisha majani na kungoja. Usipokuwa na majani huvuta maji kidogo sana, kwa hiyo unachomimina kinabaki kwenye mizizi, na kuvu hufanya kazi yake.

Nilivaa glavu kabla ya kugusa kisu. Utomvu wake ni sumu inayoshambulia moyo, na wawindaji wa Afrika Mashariki waliuchemsha na kupaka mishale, kwa hiyo watoto na mbuzi wakae mbali na vipande. Nilikata vipande vyembamba kutoka chini kwenda juu, nikifuta kisu kwa spiriti kila baada ya mkato, la sivyo kisu chenyewe kinapandikiza uozo juu zaidi. Mama aliniomba nisimame pale nyama ilipoonekana nyeupe. Katikati palikuwa na kidoa cha kahawia kidogo kuliko punje ya mtama. Kidoa hicho kikiachwa, kazi yote ni bure. Nilikata tena mpaka pakawa peupe kotekote, nikapaka unga wa mkaa, nikauning'iniza kivulini penye upepo.

Hapo ndipo wengi huharibu kwa haraka. Jeraha nene huchukua wiki 1 hadi 2 kukauka likawa gumu. Ukipanda kabla, unarudia ulikotoka.

Mchanganyiko niliotumia ni sehemu 3 za mchanga wa mtoni wenye chembe kubwa, sehemu 1 ya matofali yaliyopondwa na sehemu 1 ya mboji iliyoiva. Mchanga niliuchekecha nikatupa vumbi lote, kwa kuwa mchanga laini ukilowa hushikana kama uji na ni mbaya kuliko udongo wa kawaida. Wa baharini una chumvi, sikuugusa. Jaribio ni rahisi: mimina maji juu, yakituama huo haufai. Chungu kiwe cha udongo kisichopakwa rangi, kipana kuliko kirefu, chenye matundu kadhaa. Baada ya kupanda, wiki nzima bila maji. Kisha kidogo kidogo, na pale tu mchanga ukikauka kina cha kidole. Kumwagilia kwa kushiba huanza majani yakitoka. Jua nalo liongezwe polepole hadi lifikie jumla ya saa 6 au zaidi kwa siku, kwani shina lililozoea kivuli huungua. Mbolea yenye naitrojeni nyingi huleta majani na shina laini, si maua.

Matawi niliyopunguza, ya sentimita 15 hivi, Mama aliyataka yote. Nilimwambia ayakaushe siku kadhaa kisha ayachomeke kwenye mchanga ule ule, yataota na kutoa maua, lakini mara nyingi hayavimbi chini kama mzazi wake.

"Nikitaka lenye kitako kinene?"

"Panda mbegu, Mama. Maganda hutoka mawili mawili kama pembe. Yafunge uzi kabla hayajapasuka, maana mbegu zina manyoya ncha zote mbili na upepo huzibeba. Zilaze juu ya mchanga, uzifunike kidogo tu. Penye joto huota ndani ya wiki moja hivi zikiwa mbichi, na kadiri unavyoziweka ndivyo zinavyopungua kuota."