Gari la Pangani haliondoki mpaka lijae: nilivyojifunza LabVIEW kwa friza la mama

Mimi ni fundi wa majokofu, Ngamiani hapa Tanga, barabara ya 12. Kazi yangu nimezoea kuifanya kwa geji, mkono na sikio. Lakini friza la mama lilinishinda. Asubuhi samaki wamekakamaa kama mawe, alasiri ukimbonyeza nguru kidole kinazama. Gesi nilipima, ipo. Kompresa inanguruma vizuri. Nikikaa na kipimajoto nusu saa sioni kitu, nikiondoka mambo yanaharibika.

"Mwanangu, umeangalia mara nne sasa," mama akaniambia. Kweli. Nilichokosa ni mtu wa kukaa pale mchana kutwa na usiku kucha, akiandika joto la kila dakika.

Kijana mmoja niliyesoma naye aliwahi kunionyesha LabVIEW, programu ya National Instruments ya Marekani. Ilitoka mwaka 1986 kwenye kompyuta za Macintosh, na mpaka leo maabara na viwanda vinaitumia kusoma vihisi na kuendesha vyombo vya kupimia. Kilichonivuta ni kwamba huandiki mistari ya maneno: unachora. Kila kazi ni kisanduku, na visanduku vinaunganishwa kwa waya. Mtu aliyezoea kusoma ramani ya umeme ya friji hashtuki. Tangu 2020 kuna toleo la bure kwa matumizi binafsi yasiyo ya biashara, nikalipakua usiku bando linapokuwa rahisi. Kazi za wateja siligusishi.

Waya zenyewe zina rangi: chungwa ni namba zenye desimali, buluu namba nzima, kijani ni ndiyo au hapana, waridi ni maandishi. Ukikosea kuunganisha, mshale wa kuendeshea programu unavunjika na haikubali kwenda. Hayo nilijifunza kwa siku mbili. Kilichonichukua wiki ni kuelewa nani anaanza.

Kichwani mwangu programu ilikuwa inasomwa kutoka juu kwenda chini, au kushoto kwenda kulia. Sivyo. Kisanduku hufanya kazi pale tu data zote kinazozihitaji zinapokuwa zimefika. Ni kama gari la Pangani pale stendi: dereva yupo, injini inaunguruma, lakini abiria mmoja akikosekana haliondoki. Na magari mawili yaliyojaa yanaweza kuondoka pamoja, hakuna anayemsubiri mwenzake.

Jambo hilo sikulielewa kwa kusoma. Nilichora kitanzi, yaani fremu inayorudia kazi iliyo ndani yake mpaka uisimamishe, cha kusoma joto, nikaweka chati nje ya kitanzi, nikavuta waya kutoka ndani kwenda nje. Nikabonyeza. Chati tupu. Nikasubiri dakika kumi, tupu. Nilipobonyeza kitufe cha kusimamisha, ikatokea nukta moja tu. Nililitazama lile doa muda mrefu. Data hutoka kwenye kitanzi pale tu kinapokwisha, na hutoka ile ya mwisho peke yake. Chati ilikuwa inasubiri abiria aliyefungiwa ndani. Nikaivuta nikaiingiza kwenye kitanzi, mstari ukaanza kutembea. (Kuna balbu ndogo juu ya mchoro; ukiiwasha unaona data zinavyotiririka kwenye waya, polepole. Anayeanza aiwashe siku ya kwanza.)

Tatizo lililofuata halikuwa la programu, ingawa mimi niliilaumu programu siku tatu. Nilitumia Arduino Uno, bodi ndogo ya elektroniki inayosoma volti za kihisi, kupitia LINX, kifurushi kinachoiunganisha na LabVIEW, na kihisi cha joto cha LM35 kinachotoa milivolti 10 kwa kila digrii. Mezani kilisoma 29, safi. Ndani ya friza kikashuka, kikafika karibu na sifuri, kikaganda hapo. Nikafuta mchoro, nikachora upya. Palepale. Mwishowe nikafanya hesabu ya fundi: milivolti 10 kwa digrii, je, digrii 18 chini ya sifuri zitakuwa milivolti ngapi? Ni 180 chini ya sifuri. Kihisi kile, kwa jinsi nilivyokiunga, hakina njia ya kutoa volti hasi. Kilikuwa kimefika sakafuni.

Jibu lilikuwa kwenye droo yangu mwenyewe: kihisi cha friji cha NTC cha kilo-ohm 10, ambacho hakitoi volti bali ukinzani wake hupanda joto likishuka. Nikaponda barafu kwenye kikombe, nikatia maji kidogo, nikakoroga, nikakizamisha. Hapo ni digrii sifuri, huhitaji kuazima kipimajoto cha mtu. Kikasoma kilo-ohm 32 na ushei. Nikakiunga na rezista ya kilo-ohm 10, hesabu ya kugeuza ukinzani kuwa joto nikaiandika ndani ya kitanzi. Nikaongeza na kisanduku cha kusubiri, kwa sababu kitanzi kisicho na subira hula nguvu yote ya kompyuta na feni inapiga kelele usiku kucha.

Siku mbili za kwanza zikanipa mchoro ambao sikuwahi kuuona katika kazi yangu yote. Usiku meno madogo ya kupanda na kushuka, kompresa ikiwaka na kuzima, karibu na hasi 18. Saa sita mchana mstari unaruka hadi hasi 4, kisha unashuka kwa kujikokota mpaka baada ya isha. Nikamwita mama.

"Saa sita ndipo kijana wa Deep Sea anapoleta samaki," akasema. "Mimi nawamwaga wote juu ya wale wa jana."

Friza halikuwa na ugonjwa. Sasa samaki wapya hukaa kwanza kwenye ndoo ya barafu, kisha huingia wachache wachache, wametandazwa pembeni. Siku hizi mstari wa saa sita haupiti hasi 13.

Mwezi huu nimeazima multimeta ya mezani yenye waya wa RS-232 wa kuongea na kompyuta, ili nijue kama bodi yangu inanidanganya. Unaiandikia *IDN?, yaani "wewe ni nani?", nayo inatakiwa kujibu. Jioni nzima ilinyamaza, kasi ya mawasiliano iko sawa, waya uko sawa. Nilikuwa sijaweka alama ya mwisho wa mstari, kwa hiyo chombo kilikuwa bado kinanisubiri nimalize kusema. Nilipoiweka, ikaja mara moja: kiwanda, modeli, namba yake. Tangu hapo nimeweka mistari miwili kwenye chati moja, volti ya kihisi kwa Arduino na kwa multimeta, na inatembea imelaliana, isipokuwa pale kompresa inapowaka: wa Arduino unaruka, wa multimeta hautikisiki. Kesho nasokota zile waya za kihisi nizisogeze mbali na waya wa umeme, nione.